Upatanisho

Wiki ya tatu ya kuchimba msingi, Kahawa West,
nyuma ya kanisa la mabati,
koleo la tingatinga la Lusweti liligonga kitu
kikajibu.
Si kama jiwe. Jiwe husema mara moja likanyamaza.
Hiki kilivuma, kama sufuria kubwa ya arusi
iliyoangushwa jikoni usiku.
Lusweti akazima injini, akashuka, akavua kofia,
wala hakujua kwa nini.

Kufikia saa nane tulikuwa tumeliona bega lake:
bamba la chuma, ribiti zenye vichwa vya uyoga,
kisha mnyororo, pingili baada ya pingili,
udongo mwekundu umeganda katikati
kama ugali wa wimbi kwenye meno.
Mzizi wa mjakaranda ulikuwa umeingilia tundu la dereva
ukatokea upande wa pili bila kuomba ruhusa.
Harufu ya grisi iliyozikwa kabla mama hajaolewa
ikatoka mbichi.

Watoto wakapaza sauti: Kifaru! Kifaru!
Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, miaka ishirini na sita ya chaki,
nikakaa chini juu ya mfuko wa saruji.

Kwa sababu babu yangu Nthiwa alisema.
Alisema kila Krismasi, bakuli la muthokoi magotini:
"Tulikizika kifaru Kahawa. Kimelala huko. Kizima."
Nilikuwa na miaka tisa, nimetoka kufundishwa ngeli,
nikamsahihisha mbele ya wajomba:
Si kimelala, babu. Amelala. Kifaru ni mnyama.
Mjomba Kilungya alicheka hadi akapaliwa.
Babu akanitazama. Akarudia polepole,
kama anayesoma namba ya bunduki:
Ki-me-la-la.

Tukamwita Babu Kifaru. Tukamuuliza pembe aliuza wapi.
Maana ya pili ilikuwa ndani ya kamusi,
mstari wa chini. Sikushuka hadi hapo.

Sasa nimeshuka. Lusweti amenishika mkono
tumeingia shimoni, na ukutani,
mahali ambapo koleo la mashine halijafika,
kuna alama za sululu.
Moja moja. Nyingine za kina, nyingine za mtu aliyechoka.
Alisema walikuwa ishirini na wawili, siku tatu,
wakachimba mteremko, na chombo kikashuka chenyewe
kikinguruma, taa zimewashwa mchana.
Sajini akazima, akapanda juu, akapangusa mikono.
Fukieni.
Walipoanza kutupa udongo bati lilikuwa bado la moto.
"Kitu kizima," alisema babu, "hakina hata ufa,
na sisi tunarudishwa Kibwezi na koti moja."
Hapo ndipo alipokuwa akinyamaza, kila mwaka,
na sisi tukadhani hadithi imeisha.

Nimeweka vidole vinne katika alama moja.
Sijui kama ni yake. Nimechagua tu.

Alhamisi alikuja Gacheru na mizani,
si ile ninayohesabu kwenye ubeti,
ile ya ndoano. Chuma chakavu, kilo kwa kilo.
Bwana mmoja wa Karen alipiga simu, akaahidi, hakutokea.
Mwenye ploti alitaka nguzo zisimame kabla ya mvua.
Jumamosi cheche za gesi zilikata tangu asubuhi
hadi adhana ya magharibi,
na Jumatatu palikuwa na kokoto.

Nilinunua pingili moja. Shilingi mia tatu,
Gacheru akakataa kupunguza.
Iko mezani pangu, chumba cha walimu,
inakandamiza insha za darasa la saba.
Inaacha vumbi jekundu pembeni mwa karatasi,
karibu rangi ya kalamu yangu.

Jana Mwende aliandika: *mto kimekauka.*
Kosa, bila shaka. Kosa.
Kalamu ilikwisha kugusa karatasi
nikaiinua,
nikamwita kwanza aniambie
ni mto gani.